Aliyepima Bomba Kabla ya Maharage

Saa moja kasoro dakika kumi asubuhi. Umande bado umelala juu ya majani, na mama mmoja mwenye koti la kazi la buluu na viatu vya mpira anatembea peke yake hadi mwisho wa shamba la utafiti. Hatazami maharage yaliyo kulia wala yaliyo kushoto. Anakwenda moja kwa moja hadi kwenye bomba la maji lililosimama juu ya sakafu ndogo ya saruji, anainama, anasimamisha rula ndefu ya chuma kando yake, na kusoma kwa sauti kana kwamba kuna mtu anayemsikiliza.

"Tisini na moja nukta sifuri."

Anaandika daftarini. Ndipo anapogeuka kuyaangalia maharage.

Mgeni akimuuliza kwa nini mtu wa mimea anaanza siku kwa kupima chuma, anacheka mpaka mabega yanatikisika. "Maharage yanakua. Watoto wanakua. Hata tumbo la mume wangu linakua," anasema. "Bomba halikui. Sasa siku likikua, ujue kuna jambo."

Basi lilikua. Tena si kidogo. Na kukua kwa bomba hilo ndiko kulikookoa kazi ya maisha yake, ambayo mwaka jana nusura itupwe yote kwa siku moja.

Kituoni hapa wanamwita Bi Nukta. Ana miaka hamsini na mbili, watoto watatu, na sauti ya mtu aliyezoea kuitana kutoka upande mmoja wa shamba hadi mwingine. Jina alilipata alipokuwa kibarua, kwa kukataa kuziacha nukta. Wenzake wakiandika kwamba mmea una sentimita arobaini na tatu, yeye anaandika arobaini na tatu nukta mbili. Wakamcheka. Wakamzoea. Jina likabaki.

Leo hayumo tena kwenye orodha ya vibarua. Anakaa kwenye chumba kidogo chenye madirisha mawili, kompyuta moja na feni inayolia, na kazi yake ni kuandika maana. Vituo vitano vya utafiti, vilivyo mbali sana kimoja na kingine, vimeamua kuweka vipimo vyao vya maharage kwenye hifadhi moja ya kompyuta ili kila mtafiti avitumie. Wazo zuri. Tatizo ni kwamba walipoanza kuviweka pamoja, waligundua kuwa hawakuwa wakipima kitu kimoja.

"Chukua kimo tu," anasema Bi Nukta, akikunja kidole cha kwanza. "Kituo kimoja wanapima mpaka ncha ya shina. Cha pili wanapima mpaka jani la juu kabisa, lilivyo. Cha tatu wanalivuta jani lile juu kwanza, halafu wanapima. Wote wameandika 'kimo'. Wote ni watu wenye shahada zao. Mungu wangu!"

Na hapo ni kimo tu. Kwenye siku za kutoa maua, wapo waliohesabu mpaka ua la kwanza lionekane, na wapo waliosubiri nusu ya shamba itoe maua. Kwenye rangi ya ua alikuta daftari la mtu fulani limeandikwa: kama ya jana.

"Kama ya jana!" anarudia, na kujipiga paja. "Na ukurasa wa jana haupo."

Si mchezo wa wasomi. Miaka michache iliyopita wakulima kadhaa walipewa mbegu iliyoandikwa kuwa ni fupi, isiyohitaji miti ya kutambalia. Ilipopandwa ilirefuka, ikaanguka, ikaozea chini. Aliyeiita fupi hakudanganya. Alipima kwa namna yake, na aliyesoma alielewa kwa namna yake, na mkulima akabaki katikati akikusanya maganda yenye ukungu. Bi Nukta alikwenda kuwaona wakulima hao. Halizungumzi sana jambo hilo. Anasema tu kwamba mama mmoja alimuuliza, "Nyinyi huko hamuongei?"

Mwandishi wa simulizi hii, akijiona ni mtu aliyepata kuona rula maishani, aliomba naye apime mmea mmoja. Akapewa. Akainama, akapima kwa makini, akatangaza sentimita arobaini na saba. Bi Nukta akapima mmea huohuo: arobaini na tatu nukta sita.

"Umeuvuta sikio," alisema kwa upole, akimaanisha jani la juu. "Kila mgeni anauvuta sikio. Mnauonea huruma, mnaona kama mnausaidia urefuke."

Ndiyo kazi yake. Kila sifa ya mmea inaandikiwa mambo matatu: ni kitu gani hasa kinapimwa, kinapimwa kwa njia gani, na kinaandikwa kwa kizio gani. Mpaka sasa ameandika maelezo ya sifa thelathini na nne. Kila moja hutumwa kwenye vituo vyote, hubishaniwa kwa wiki kadhaa, hurudi imejaa alama nyekundu, huandikwa upya. Sifa ya kimo peke yake ilichukua miezi mitano.

Aliingiaje humo, mtu aliyeishia kidato cha nne? Kwa ubishi. Hifadhi hiyo ilipoanza, vituo vilitumiwa fomu ya kueleza wanavyopima. Mtafiti mkuu wa hapa aliijaza ofisini kwake. Bi Nukta, aliyetumwa kuipeleka ikachapishwe, aliisoma njiani, akageuza na kurudi nayo.

"Nikamwambia, samahani, bosi, sisi hatupimi hivi. Akasema, mnapima vipi? Nikamwambia twende shambani."

Walikwenda. Mtafiti yule alikuwa hajashika fimbo ya kupimia kwa miaka tisa. Tumsifu kwa hili: hakukasirika. Aliandika barua kwa wenzake wa vituo vingine akisema kwamba wanaojua maana ya vipimo ni wale wanaoinama, na kuanzia hapo Bi Nukta akawa anaitwa kwenye mikutano.

Lakini kabla ya mikutano kulikuwa na fimbo, na hatuwezi kuendelea bila kuieleza.

Alipoanza kibarua, miaka ishirini iliyopita, mshahara ulimtosha kodi ya chumba na nauli ya siku kumi na nane. Siku zilizobaki alitembea. Fimbo za kupimia zilikuwa chache, na aliyechelewa alisubiri mwenzake amalize. Jirani wa mtaani kwao, kijana fundi seremala, akasikia malalamiko hayo. Akachagua ubao mgumu, akaupiga randa, akauchora mistari elfu moja na mia mbili kwa ncha ya kisu, mstari mmoja kila milimita, kisha akaipaka wino.

"Wenzangu waliletewa mafuta ya nywele," anasema Bi Nukta. "Mimi nililetewa fimbo. Nikasema, huyu ananijua."

Wakaoana mwaka uliofuata. Na kwa misimu kumi na tisa alipima maharage kwa fimbo ile: siku sita kila msimu, mimea mia tatu na sitini kila siku. Piga hesabu mwenyewe. Ni vipimo elfu arobaini na moja na arobaini, vyote kwa mkono mmoja, vyote kwenye madaftari kumi na tisa yenye majalada ya kijani. Katika vituo vyote vitano hakuna mtu mwingine mwenye mfululizo mrefu hivyo.

Mwaka jana vipimo hivyo viliwekwa kwenye hifadhi ya pamoja, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mratibu wa hifadhi, dada mmoja makini anayefanya kazi kutoka kituo kingine, aliona jambo la ajabu. Mbegu ileile iliyopandwa vituo vyote ilibaki na kimo chake mwaka hadi mwaka. Ya Bi Nukta ilikuwa inarefuka. Kidogo kidogo, lakini bila kurudi nyuma. Akaipaka rangi nyekundu na kuandika pembeni: isitumike mpaka ielezwe.

"Niliona ile nyekundu, nikahisi kama nimeitwa mwizi," anasema. "Nikajibu kwa hasira. Nikasema udongo wetu ni mzuri, ndiyo maana."

Wakati huohuo alikuwa anamalizia maelezo ya kimo, na humo alikuwa ameweka sharti jipya ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyelipigania: kila kituo kipige picha ya kifaa chake cha kupimia kando ya rula mpya ya chuma, ili sifuri ionekane. Aliwasumbua wenzake wote kwa picha hizo. Walipomaliza wao, ikabaki zamu yake.

Asubuhi moja akaichukua fimbo yake, akaiosha tope lililoganda chini, akailaza mezani kando ya rula mpya.

Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Fimbo haikuwa na sifuri. Haikuwa na moja. Ubao ulianzia kwenye mstari wa sentimita moja nukta sita. Miaka kumi na tisa ya kusimamishwa kwenye kokoto, tope na saruji ilikuwa imeula ule mwisho wa chini, kama kisigino cha kiatu kinavyolika. Udongo wake haukuwa mzuri kuliko wa wengine. Maharage hayakuwa yanarefuka. Fimbo ilikuwa inafupika.

"Macho yangu yalikuwa juu kwenye jani siku zote," anasema. "Huko chini kulikuwa na tope tu. Nani anaangalia tope?"

Chumbani hakukuwa na mtu. Anakiri, bila kuulizwa mara mbili, kwamba wazo lilimjia: apige picha rula mpya peke yake, aseme ndiyo anayotumia, fimbo aipeleke nyumbani ikawe ya kuanikia nguo. Nani angejua? Alikaa na wazo hilo mpaka saa ya chakula cha mchana. Hakula.

Alipofika nyumbani jioni aliiweka fimbo mbele ya mume wake. Mzee akavaa miwani.

"Kazi yangu hiyo," alisema. "Haina dosari."

"Tazama chini, Baba Watoto."

Akatazama. Akapitisha kidole gumba.

"Nilikwambia tuivalishe kofia ya bati huku chini," alisema mwishowe. "Nilikwambia au sikukwambia?"

"Ulinambia."

"Ukasema itakuwa nzito."

"Nilisema."

"Basi kosa si la seremala," akahitimisha, akamrudishia fimbo yake. Kisha, akiona mkewe analia, akaacha utani, akaketi karibu naye na kumwambia maneno ambayo Bi Nukta anayarudia mpaka leo: "Mficha uchi hazai, mke wangu. Kesho waambie."

Akawaambia. Kwenye mkutano wa simu ya video, nyuso tano kwenye kioo, akainua fimbo mbele ya kamera. "Vipimo vyangu vina kosa," alisema. "Kosa ni langu, si la kituo. Fimbo imelika na mimi sikuiangalia."

Mratibu, tulipompigia simu, alisema anaikumbuka siku hiyo vizuri. "Katika kazi hii watu huficha faili, hulaumu kompyuta, hulaumu mvua. Sijawahi kuona mtu anainua kosa lake kwa mikono miwili. Niliumia, kwa sababu nilijua nitamjibu nini."

Jibu lilikuwa hivi: kujua kwamba fimbo imepungua sentimita moja nukta sita leo hakusaidii, maana hakuna ajuaye ilikuwa imepungua kiasi gani mwaka wa tatu, au wa kumi. Bila hilo huwezi kusahihisha. Hifadhi ingefungwa kupokea vipimo vya zamani baada ya wiki mbili. Kama hakuna ushahidi, madaftari kumi na tisa yangeachwa nje.

"Nilirudi kwenye vibarua kichwani mwangu," anasema Bi Nukta. "Nikasema, kumbe miaka yote hiyo nilikuwa natembea tu shambani na kijiti."

Ilimchukua siku tatu kuupata ushahidi. Siku ya tatu alikuwa amefungua daftari la kwanza, si kutafuta chochote, bali kuliaga, anavyosema mwenyewe. Juu kabisa ya ukurasa, kabla ya maharage, kulikuwa na mstari mmoja: Bomba, 91.0.

Lo!

Tumweleze msomaji. Zamani hapa alikuwepo msimamizi wa shamba, mzee mkali, aliyeamini kwamba vibarua wote ni wavivu mpaka ithibitishwe vinginevyo. Bomba liko mwisho kabisa wa shamba. Akaweka amri: kila siku ya kupima, mtu aanze kwa kupima bomba na kuliandika, ili ijulikane kweli kafika huko. Vibarua walipima mara moja, wakaona ni tisini na moja, na kuanzia siku hiyo wakaandika tisini na moja bila kunyanyuka.

"Mimi niliandika tisini na moja nimekaa kivulini," anakiri bila aibu mtunza ghala wa kituo, aliyekuwa kibarua pamoja naye. "Chuma kitakwenda wapi?"

Bi Nukta hakuweza. Kila siku alilisimamishia fimbo, akasoma, akaandika alichokiona. Msimu wa pili akaandika tisini na moja nukta moja. Wa tano, nukta nne. Msimamizi alipoona hivyo alimwita mbele ya watu. "Wewe binti, bomba linaota? Unalimwagilia?" Watu wakaanguka kwa kicheko. Bi Nukta mwenyewe alidhani wachota maji wanalivuta juu kwa mpira wao. Lakini hakufuta, na kesho yake akaandika tena nukta nne. Msimamizi alistaafu, amri ikasahaulika, naye akaendelea kwa mazoea, kama mtu anavyobisha hodi kabla ya kuingia. Vipimo vilipohamishiwa kwenye kompyuta, safu ya bomba haikuwekwa. Nani angeihitaji?

Sasa akakimbilia shambani na rula mpya ya chuma. Bomba lilikuwa na sentimita tisini na moja kamili. Halikuvutwa na mtu. Halikuwa limesogea hata unywele. Lililosogea ni fimbo, na kila hatua ya kusogea kwake ilikuwa imeandikwa, mara mia moja na kumi na nne, kwa kalamu yake mwenyewe. Hata ule mruko wa ghafla wa msimu wa kumi na mbili ulionekana, mwaka njia za shamba zilipomwagiwa kokoto.

"Haba na haba hujaza kibaba," anasema. "Kumbe pia inamaliza fimbo."

Alimpigia simu msimamizi wa zamani kumpa habari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mimi nilitaka tu mfike mwisho wa shamba." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo, "Nisamehe kwa ile siku, mwanangu."

Mratibu alifanya kazi ya kutoa, siku kwa siku, kile kilichozidi. Mstari wa maharage ya Bi Nukta ukashuka taratibu mpaka ukalala kando ya mistari ya vituo vingine, tofauti ikiwa chini ya nusu sentimita. Rangi nyekundu ikaondolewa siku moja kabla ya hifadhi kufungwa. Madaftari ya wale vibarua wengine, yenye tisini na moja iliyonyooka tangu mwanzo hadi mwisho, yaliachwa nje. Hakuna aliyeweza kusema fimbo zao zilikuwa na hali gani.

Mtunza ghala hana kinyongo. "Tulimcheka miaka mingi," anasema. "Sasa ukiingia ofisini kwake, kaa vizuri. Anaweza kukupima."

Leo, kwenye maelezo ya kimo yanayotumiwa na vituo vyote vitano, kuna sentensi mbili zilizoongezwa kwa ombi lake. Kabla ya kupima mmea, pima kitu kisichokua. Andika ulichokiona, si ulichokitarajia. Kila kituo kimesimika nguzo ya chuma juu ya saruji. Fimbo ya zamani imetundikwa ukutani juu ya kompyuta yake, mwisho wake uliolika ukiwa chini, wazi, umeoshwa.

Amebakiza miaka minane kustaafu. Anataka kumaliza sifa zote sitini za maharage, kisha aanze kunde, ambazo anasema ni kichaa kitupu kwa sababu nyingine zinatambaa na nyingine zinasimama na watu wanaziandika vilevile. Anataka pia siku moja arudi kwa yule mama aliyemuuliza kama hawaongei. "Nimpelekee mbegu," anasema, "na nimwambie fupi maana yake ni nini."

Na kuna mpango mmoja wa nyumbani. Mume wake anatengeneza fimbo tano mpya, moja kwa kila kituo, safari hii zikiwa na kofia ya bati chini. Ya kwanza aliileta mwenyewe shambani wiki iliyopita, ameiviringisha kwa kitambaa safi kama zawadi ya harusi. Wakatembea pamoja mpaka mwisho wa shamba. Bi Nukta akaisimamisha kando ya bomba, akainama, akatazama juu, kisha, kwa muda mrefu, akatazama chini.

"Tisini na moja nukta moja," alisema, akamrudishia.

Mzee akaduwaa. "Milimita moja tu, mke wangu!"

"Ile nyingine nayo ilianza na milimita moja."

Fundi akaitazama fimbo, akalitazama bomba, akaiviringisha tena ndani ya kitambaa. Akaanza safari ya kurudi kwenye karakana yake, akinung'unika njia nzima, na Bi Nukta akafungua daftari, akaandika alichokiona.